Mkazi wa Mwamba

Pampu ilipozimwa, Dokta Ndeanasia Akyoo alipiga goti kando ya kisima cha kuchungulia akasubiri maji yapande.

Sehemu hiyo ya kazi ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Unayavuta maji kwa nguvu mpaka usawa wake unashuka, kisha unaacha, kisha unatazama mwamba unavyojirudishia. Kipimo kilikuwa kimening'inia gizani huko chini, ndani ya mwamba wa volkano wenye vitundu vingi kama mkate uliochachuka vizuri, na kila maji yalipopanda kidogo namba zilibadilika kwenye kioo alichokishika mkononi. Mwamba usioziba hurudisha maji yake upesi. Ndeanasia alikuwa amepima miamba ya miteremko ya Meru tangu akiwa mwanafunzi, na aliijua kama mama lishe anavyoujua moto wa jiko lake.

Nyuma yake alisimama Dokta Masalu Ng'wandu, mkurugenzi wa mradi, ameshika chupa ya maji yaliyotoka kisimani humo humo. Kijiti cha kupimia alichokichovya kilibaki cheupe.

"Hakuna floridi," alisema. Akacheka peke yake, akachovya kijiti kingine. "Dokta, hebu tazama. Kabla hatujaanza, maji haya yalikuwa yanapinda mifupa ya watoto. Leo ningempa hata mtoto mchanga."

"Nimeona."

"Sasa mbona husimami tukafurahi?"

"Subiri maji yapande."

Yalipanda, ila kwa uvivu. Ndeanasia alitazama mstari unavyojichora kwenye kioo, akaulinganisha na ule wa msimu uliopita, kabla ya kuwamwaga wale viumbe. Mistari hiyo miwili haikulingana.

Viumbe wenyewe hawakuonekana kwa macho. Walikuwa wametengenezwa katika maabara ya mradi mjini Arusha, wakafundishwa jambo moja tu: kunasa floridi iliyoyeyuka majini na kuifunga ndani ya punje ndogo za madini zinazoshikamana na jiwe. Ukiwamwaga kisimani na kuwalisha molasi, wanashika kazi. Hawataki umeme, hawataki chujio la kubadilishwa kila mara. Wanazaana na kusambaa wakifuata maji. Shida ilikuwa zile punje. Ziliganda kwenye vitundu vya mwamba kama ule utando mweupe unaoganda ndani ya birika, na kila punje ilipokaa, njia ya maji ilipungua.

"Upitishaji wa maji mwambani umeshuka," Ndeanasia alisema, akajikung'uta vumbi magotini. "Si sana. Lakini hapa wamekaa msimu mmoja, tena ndani ya kuta tulizozichimbia ardhini wenyewe wasitoke."

"Kwa kijiji hiki cha Nkoasioi haina neno. Maji yapo ya kutosha."

"Kwa Nkoasioi, ndiyo. Haya maji hayaishii Nkoasioi."

Hakuhitaji kunyoosha mkono. Kutoka pale kisimani uliweza kuona mteremko wote, migomba, kisha mahindi, kisha vichaka, mpaka kule tambarare ambako doa la kijani lilionyesha chemchemi ya Lemuta. Maji yaliyopita chini ya miguu yao ndiyo yaliyotokeza kule, baada ya safari ndefu ndani ya mawe. Watu wa Lemuta hawakuyanywa kwa chumvi yake, walikunywa ya visima vyao vifupi, nayo yenye floridi, lakini ng'ombe wao waliishi kwa chemchemi hiyo.

Masalu alifunga chupa yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amehama kwao Magu, akaacha nafasi nzuri chuoni, kwa sababu siku moja aliona foleni ya watoto wenye miguu iliyopinda wakielekea shule, akashindwa kula siku nzima.

"Hesabu zetu zinasema ile chemchemi inaweza kupungua, kama itapungua, baada ya miaka mingi sana," alisema. "Inaweza pia isipungue kabisa."

"Inaweza."

"Basi nakuomba jambo moja. Wewe ndiye msemaji wa ridhaa kwenye mkutano wa kijiji. Waambie ni dawa ya maji."

Ndeanasia alijua ombi hilo lingekuja. Tangu mwani wa kutengenezwa ulipotoroka kwenye mabwawa ya kufugia samaki na kuziba mito ya nchi jirani, sheria ilikataza kunywa maji ya majaribio, na kuingiza ardhini nje ya kuta za majaribio kitu chochote cha kubuni, mpaka wenyeji waelezwe kwa lugha yao na kuridhia. Tena sheria ilishika neno lenyewe. Kinasa-sauti cha serikali kilisikiliza mkutano, na jina ambalo msemaji alikiita kile kitu ndilo lililoingia kwenye cheti. Ukisema dawa, kitu hicho kinahesabiwa pamoja na klorini na shabu, na kijiji chenye kisima kinatosha kuamua. Ukikitaja kama kitu kilicho hai, kila anayeguswa na maji hayo lazima aulizwe, mpaka mwisho wa mkondo.

"Si dawa," alisema.

"Tunasema kutibu maji, hatusemi? Kinachotibu kinaitwaje? Wewe mwenyewe ulikaa kwenye kamati ya istilahi."

Ni kweli, alikaa. Ndiye aliyependekeza neno mwamba-maji, kwa sababu watu walidhani chini ya ardhi kuna ziwa au mto, na wakadhani maji yake hayaishi. Hakuna ziwa. Kuna mawe yaliyoloa. Baada ya neno hilo kuenea, watu waliacha kuchimba visima ovyo. Ndeanasia aliamini maneno kuliko wahandisi wenzake walivyoamini, na ndiyo maana ombi la Masalu lilimkaa vibaya.

"Nitalifikiria," alisema.

Jioni alipita kwa mdogo wake, Elieshi, aliyekuwa jikoni akikoroga loshoro, mahindi kwa maziwa mgando. Kabla hajaketi alisikia mlio wa mota ndogo kutoka uani. Tumsifu, binti wa Elieshi, aliingia akiwa amevaa vyuma vyake vya miguu, ambavyo vililia magotini kila alipopiga hatua.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekua."

"Nimekua upande," Tumsifu alisema, akacheka kwa meno ya kahawia, meno ya ukoo mzima, ya Ndeanasia pia. Kisha akachota kikombe cha maji kwenye ndoo, akanywa chote na kutoka.

Elieshi alimsindikiza kwa macho. "Tenki la mvua limekauka. Tumerudi kwenye maji ya kisima. Nimkataze kunywa? Kiu haikatazwi." Aliteremsha sufuria. "Lakini nasikia unatuletea dawa."

"Nani kasema dawa?"

"Vijana wa mradi wanasema. Kwani si dawa?"

Ndeanasia alijaribu kumweleza, kama alivyozoea kumweleza mambo tangu walipokuwa wadogo. Dawa ukiacha kuitia inaisha. Hiki ukikitia mara moja kinabaki, kinazaa, kinahama. Ukibadili nia hukifuati huko kilikokwenda.

"Kinaua?" Elieshi aliuliza.

"Hakiui. Hakimdhuru mtu wala mnyama, hilo tumelipima mpaka tukachoka."

"Basi ni dawa."

"Kinaweza kuziba mwamba taratibu. Chemchemi ya Lemuta inaweza kupungua."

"Inaweza." Elieshi aliweka mwiko chini. "Dada, mguu wa mwanangu hauna inaweza. Umeshapinda. Daktari amesema akiendelea na maji haya mwaka mwingine, vyuma havitasaidia tena, atapasuliwa. Wewe una neno moja la kusema, na ukilisema mtoto anapona. Huko Lemuta unamjua nani?"

Ndeanasia hakumjua mtu yeyote Lemuta. Alikula loshoro, na kila kijiko kilikuwa kizito. Aliyoyasema mdogo wake yalikuwa kweli. Alijua pia kwamba hakuna mtu ambaye angemlaumu.

Asubuhi yake alichukua gari la mradi akateremka Lemuta.

Chemchemi ilitokea chini ya ukuta wa mawe meusi, maji mengi na mazito kidogo, yenye harufu ya magadi. Ng'ombe waliletwa kwa zamu, boma moja likinywesha huku jingine likisubiri kivulini, na hapakuwa na kelele za kugombana. Mwenyekiti wa kamati ya chemchemi alikuwa daktari wa mifugo aliyeitwa Nosikito, mama wa makamo mwenye mashuka mekundu na buti za mpira. Ndeanasia alimkuta ameinama akikagua kwato za ndama.

"Takwenya, yeyo," Ndeanasia alisalimia kwa Kimaasai.

"Iko," Nosikito alijibu bila kuinuka. "Wewe ni wa ule mradi wa juu. Nimeona jina kwenye gari. Kuna nini?"

Ndeanasia alimweleza yote, hata yale ambayo Masalu angependa yabaki ofisini: punje, vitundu, mistari miwili isiyolingana. Nosikito aliuliza maswali makali, ya mtu aliyesomea viumbe hai. Wanakula nini? Wakikosa molasi wanakufa? Hawafi, Ndeanasia alisema, wanalala. Hawazai na hawatengenezi punje, lakini wakipata chakula wanaamka. Na wakifika huku chini?

"Wakifika watakuwa wamefika."

"Kwa hiyo huyo mgeni wenu haondoki."

"Haondoki."

"Mgeni asiyeondoka si mgeni." Nosikito alimwachia ndama, akanawa mikono kwenye mfereji. "Na sheria inasemaje?"

"Nikikiita dawa, ninyi hamuulizwi."

Mama yule alikung'uta maji mikononi. Meno yake nayo yalikuwa ya kahawia. "Umekuja nikuruhusu useme dawa, au nikukataze?"

"Nimekuja kuiona chemchemi. Sikuwahi kufika."

"Basi iangalie. Nina wajukuu, naijua hiyo miguu ya watoto wenu, hata huku ipo. Mngekuja kuniomba, sijui ningejibu nini. Pengine ningekataa. Pengine ningekubali. Lakini usinipitie chini ya ardhi."

Ndeanasia alikaa pale mpaka boma la pili likamaliza kunywesha. Alipopanda mlima alikuwa anayapima maneno kama alivyopima maji. Mdudu? Watu wangetafuta cha kumpulizia. Chachu? Neno zuri, lakini chachu hufia motoni mkate ukiokwa. Kiumbe? Kipana mno, hata ndama ni kiumbe. Karibu na Nkoasioi neno likamjia, akalitamka kwa sauti ndani ya gari tupu, akalitamka tena. Kutoka hapo hakuwa na wasiwasi. Aliogopa yatakayofuata, lakini wasiwasi haukuwapo.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, na ukumbi ulifurika. Kinasa-sauti kiliwekwa mezani mbele ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ndeoya Pallangyo, kikiwa na taa ya kijani. Masalu alikaa mstari wa mbele. Elieshi alikaa katikati, Tumsifu amemlalia begani.

Ndeanasia alisimama. Aliwaeleza kwanza habari njema, na aliieleza vizuri: maji ya kipande cha majaribio hayana floridi, anayekunywa hapati madhara, na kazi ikienezwa mlima wote, watoto watakaozaliwa watakuwa na meno meupe na miguu iliyonyooka. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alifuta macho.

"Sasa niwaambie ni kitu gani," aliendelea. "Nimeambiwa niwaambie ni dawa. Dawa ya maji mnaijua. Unaitia, inafanya kazi, inaisha, ukitaka unaitia tena. Hiki si hivyo. Hiki kikiingia kwenye mwamba-maji kitakaa. Kitakula, kitazaa, kitajenga nyumba zake kwenye vitundu vya mawe, na hizo nyumba zitapunguza njia ya maji. Kitateremka na maji mpaka Lemuta. Hakuna anayejua kwa hakika kama chemchemi yao itapungua, na tukitaka kukitoa hatutaweza. Kwa hiyo sikiiti dawa. Namwita mkazi. Mkazi wa mwamba. Anatusaidia, lakini ana majirani, na majirani hawajaulizwa."

Kinasa-sauti kililia mara moja. Taa ikageuka ya njano, na sauti yake tulivu ikasikika ukumbi mzima: istilahi mpya, kitu kilicho hai, ridhaa ya watu wote wa mkondo inahitajika.

Kelele zilizofuata Ndeanasia alizitarajia, lakini kuzitarajia hakukuzipunguza. Mtu alirusha dumu tupu likagonga ubao. Masalu aliinamisha kichwa. Kisha Elieshi akasimama, na kwa kuwa wote walijua ni mdogo wa msemaji, wakanyamaza.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Huyu aliyesema, ana mtoto?"

Mzee Ndeoya alisitasita. "Hilo halihusiani, mama."

"Linahusiana. Hana. Angekuwa naye angesema dawa." Akamshika Tumsifu mkono, wakatoka, na mota za vyuma zikasikika mpaka nje ya geti.

Mvua za vuli zilikuwa haba. Watu wa Nkoasioi waliendelea kunywa maji ya kisima, na baadhi yao walipokutana na Ndeanasia njiani walitazama pembeni. Elieshi hakumfungulia mlango. Alituma ujumbe mmoja tu, kwamba goti la kushoto la Tumsifu limeshindwa na vyuma, na tarehe ya kupasuliwa imepangwa.

Ndeanasia aliusoma ujumbe huo ofisini, akatoka kwenda kukaa kwenye gari mpaka alipoweza kurudi. Hakutubu. Alijua angesema neno lile lile tena, na kujua hivyo hakukumfariji hata kidogo.

Masalu angeweza kumwondoa kwenye mradi. Hakumwondoa. Alikuja mezani kwake na viti viwili vya plastiki, akakalia kimoja.

"Ulitumia haki yako," alisema. "Nilikasirika, bado nimekasirika. Sasa tufanye nini?"

Ndeanasia alimchorea. Katikati ya mteremko, kati ya Nkoasioi na Lemuta, wachimbe mstari wa visima vya kuzuia. Visima hivyo vitavuta maji yanayoteremka kabla hayajapita, yachujwe wakazi wote, kisha yarudishwe ardhini upande wa pili, yaendelee na safari yake. Viumbe watabaki juu. Kazi itakuwa ndogo, itafikia upande mmoja wa mlima, na pampu zitahitaji jua na matengenezo kila mwaka.

"Mchoro huu nimeshauona," Masalu alisema. "Niliukataa kwa sababu ni wa polepole."

"Uliukataa kwa sababu hukuwa na jirani."

Masalu alikodolea macho karatasi. "Na Lemuta wakikataa hata hivi?"

"Watakuwa wamekataa."

Siku chache baadaye Nosikito alimpigia simu. "Kuna mtu wako hapa," alisema. "Njoo."

Ndeanasia aliteremka akidhani ni kijana wa mradi aliyepotea. Alimkuta Elieshi ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya Nosikito, chai mkononi. Alikuwa amepanda gari la maziwa alfajiri, bila kumwambia mtu. Tumsifu alikuwa kwenye zizi la ndama, amekumbatia mmoja shingoni, vyuma vimezimwa.

"Nilikuja kuwaomba," Elieshi alisema bila kumtazama dada yake. "Nilitaka nimwone huyo mtu aliye muhimu kuliko mwanangu."

"Alinitukana kwanza," Nosikito alisema. "Kisha tukaongea."

"Nilimwonyesha miguu ya Tumsifu. Akaikagua kama ya ndama."

"Mfupa ni mfupa. Nami nikampeleka chemchemini." Nosikito alimmiminia Ndeanasia chai. "Tumekubaliana jambo. Hivyo visima vyako vya kuzuia, ulivyonieleza juzi kwenye simu, vinafaa. Lakini swichi ikae huku kwetu. Ya pampu na ya molasi pia. Sisi ndio tutachora alama kwenye chemchemi. Maji yakishuka chini ya alama, tunazima molasi, hao wakazi wenu wanalala, na hatumwombi mtu ruhusa."

"Mkizima, floridi itarudi Nkoasioi," Ndeanasia alisema. Alitaka lisemwe waziwazi. "Elieshi, umeelewa hilo?"

"Nimeelewa." Sasa alimtazama. "Mimi ndiye niliyempa hiyo swichi. Aliniuliza nitampa nini nikitaka aniamini, nikaona sina kitu kingine. Kama mkono wake uko kwenye swichi, atalala usingizi. Asipolala usingizi, hatakubali kamwe."

Ndeanasia alikunywa chai yake. Alikuwa ametafuta dhamana ya aina hiyo miezi mingi ndani ya hesabu, na mdogo wake alikuwa ameipata kwa kupanda gari la maziwa.

Masalu alipinga suala la swichi asubuhi nzima, kisha akalikubali kabla ya chakula cha mchana. Mkutano wa vijiji viwili ulifanyika katikati ya mteremko, pale pale visima vya kuzuia vilipopangwa kuchimbwa, na ulikuwa mrefu na wenye maneno makali. Vijana wa Lemuta waliuliza kwa nini wabebe hatari ya watu wengine. Mama mmoja wa Nkoasioi alilia kwa hasira aliposikia kwamba maji yao yanaweza kuzimwa na watu wasiowaona. Mzee Ndeoya aliposema wanaoridhia wainue mikono, hakuna aliyeinua. Nosikito alisubiri, akaangalia watu wake, akainua wa kwake. Elieshi akafuata. Ikachukua muda, lakini mikono ikapanda, upande huu na upande ule, mpaka taa ya kinasa-sauti ikarudi ya kijani.

Visima vya kuzuia vilipokamilika, wakazi walimwagwa kwenye kisima cha kwanza cha Nkoasioi siku yenye mawingu. Hapakuwa na cha kuona. Molasi ilitiririka kwenye bomba, Ndeanasia akafungua vali, na watu waliokuja wakiwa wamevaa nguo za kanisani walibaki wakitazamana.

"Tayari?" Mzee Ndeoya aliuliza.

"Tayari. Sasa tuwaache wafanye kazi."

Masika yalikuja na kupita. Tumsifu alipasuliwa goti, akakaa hospitali, akarudi akiwa anachechemea kwa mguu mmoja bila vyuma. Daktari alisema kuchechemea huko kutabaki. Ndeanasia alimtembelea kila wiki. Elieshi alimfungulia mlango, akampa kiti na chakula, na hakuzungumza naye zaidi ya ilivyolazimu.

Siku maji ya bomba la kijiji yalipopimwa na kuonekana safi, mama wote wa Nkoasioi walikuwa kwenye foleni kabla ya jua kuchomoza vizuri. Ndeanasia alisimama pembeni na vijiti vyake vya kupimia, akijibu maswali. Usawa wa chemchemi ya Lemuta aliuona kwenye kioo chake: ulikuwa pale pale, juu ya alama.

Zamu ya Elieshi ilipofika alijaza kikombe, akakileta mpaka alipokuwa dada yake.

"Kunywa wewe kwanza."

Ndeanasia alikunywa nusu. Elieshi alimwangalia koo likipanda na kushuka, kisha akachukua kikombe akamalizia mwenyewe, taratibu, akiwa amefumba macho.

"Ungesema dawa," alisema, "pengine Tumsifu asingechechemea."

"Pengine. Nalifikiria kila nikimwona."

"Uendelee kulifikiria."

"Nitaendelea."

Elieshi alirudi bombani. Hakujaza ndoo yake. Alichukua dumu kubwa jipya lenye mfuniko mwekundu, akalijaza mpaka juu, akalifunga kwa nguvu. Alijaribu kulinyanyua peke yake, likamshinda, akasimama akihema.

"Unalipeleka wapi hilo?" Ndeanasia aliuliza. "Nyumbani si mbali, ndoo ingetosha."

"Silipeleki nyumbani. Nalipeleka Lemuta. Nosikito hajawahi kunywa maji ya namna hii, wala wajukuu wake, na wao ndio waliotupatia." Akapangusa mikono kwenye khanga. "Gari la maziwa linakaribia kuondoka. Mbona umesimama? Shika upande huo."

Ndeanasia aliweka vijiti vyake mfukoni, akashika upande wa pili wa dumu, na wakaanza kuteremka.